Tovuti ya Matokeo Inajua Jinsia Tu

Ukifungua ukurasa wa shule yetu kwenye tovuti ya matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, utakuta namba ya mtahiniwa, jinsia, pointi, daraja na alama za kila somo. Wasichana wanatangulia, F mstari baada ya mstari, kisha wanafuata wavulana. Habari za mtoto mwenyewe zinaishia hapo: ni wa kike au wa kiume. Kwa ukurasa huo mmoja watu wanaamua kama shule ni nzuri au mbovu, kama walimu wanafundisha au wanasubiri mshahara, kama wazazi wa huku wanapenda elimu au hawapendi. Matokeo yakitoka asubuhi, mchana yako kwenye kundi la WhatsApp la kata, na jioni mtu ameshabandika matokeo ya seminari fulani chini yake na kuuliza, "Wenzetu wanawezaje?"

Leo nataka kumjibu huyo ndugu kwa kirefu, kwa sababu swali lake ni la haki na jibu ninalo mezani.

Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya kata, sekondari ya kutwa, huku juu ya uwanda wa Makonde mkoani Mtwara, kati ya Newala na Tandahimba. Nafundisha Biolojia. Kila baada ya matokeo ni kazi yangu kuandaa taarifa ya tathmini ya kupeleka wilayani, na kwenye kipengele cha changamoto huwa tunaandika yale yale: utoro, upungufu wa walimu wa sayansi, mwamko mdogo wa wazazi. Safari hii, kabla ya kuandika, nilichukua matokeo ya kidato cha nne nikayaweka sambamba na daftari la mahudhurio. Kisha kwa kila jina nikaongeza mambo ambayo tovuti haiyajui: anatoka kitongoji gani, anaishi na nani, alikuwa anakula shuleni au hali, alikuja na wastani gani kutoka darasa la saba. Mengine nilikuwa nayajua. Mengine nilimuuliza mwalimu wa malezi, na mengine watoto wenyewe, ambao wengi bado wapo hapa kijijini.

Kwanza tuelewane kuhusu ufaulu, maana hapa ndipo watu wengi wanapotea. Ukisikia asilimia ya ufaulu, imejumlisha daraja la kwanza mpaka la nne. Pointi ni za masomo saba bora, A ni 1 mpaka F ambayo ni 5, kwa hiyo pointi chache ndiyo nzuri. Daraja la nne linaanzia pointi 26 na kuishia 33. Mtoto mwenye D mbili na F tano ana pointi 33, kwa hiyo amefaulu. Mwenye C moja na F sita naye amefaulu. Chukua mtihani wa 2023: kitaifa ufaulu ulikuwa asilimia 89.36, lakini waliopata daraja la kwanza hadi la tatu ni kama asilimia 37. Katikati ya namba hizo mbili wamejaa watoto wa shule kama yangu. Na humo humo ndani ya daraja la nne kuna watu wa aina mbili. Vyuo vingi vya kati vinataka D nne bila kuhesabu masomo ya dini. Mwenye D nne anaweza kusomea uuguzi au kilimo kutegemea masomo yake, mwenye D mbili anarudi nyumbani na cheti chake. Kwenye tovuti wote ni IV. Kwangu, kumtoa mtoto kwenye D mbili mpaka D nne ni kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani, na hakuna anayekupongeza kwa sababu asilimia ya shule haisogei hata kidogo.

Sasa tuje kwenye daftari.

Jambo la kwanza lililonitazama usoni ni umbali. Kata ina vijiji kadhaa, na shule ilijengwa katikati ya vijiji ili wasigombane, kwa hiyo iko mbali na karibu kila mtu. Waliopata daraja la tatu kwenda juu, karibu wote ni wa kijiji kilicho jirani na shule, au wana ndugu hapa, au walipanga chumba. Wanaotembea kutoka vitongoji vya bondeni wamejazana kwenye daraja la nne na sifuri. Sikuwa nimetegemea mgawanyiko ulio wazi kiasi hicho. Nilirudia kuangalia nikidhani nimepanga majina vibaya.

Binti mmoja wa kidato cha tatu anatoka upande huo wa bonde. Anaamka saa kumi alfajiri. Kabla ya shule kuna maji, na mtu asiyeijua Newala hawezi kuelewa neno maji linabeba nini huku: udongo wetu ni mchanga unaonyonya kila kitu, chemchemi ziko chini kabisa kwenye miteremko, na mradi wa bomba unaosukuma maji kutoka bonde la Mitema haujamfikia kila mtu. Kiangazi, matangi ya kuvunia mvua yakishakauka, mtoto anashuka na ndoo, anapanda na ndoo, ndipo anavaa sare. Akifika darasani saa mbili na nusu kipindi cha kwanza kimekwisha, na kwenye ratiba yetu kipindi hicho kilikuwa Hisabati, kwa sababu tulisema asubuhi akili imetulia. Mwaka mzima huyu binti amekosa Hisabati. Hajaikosa kwa uvivu wala kwa kutoroka, na kwenye daftari la mahudhurio amewekewa tiki kila siku, maana tunaita majina saa tatu.

Hisabati kitaifa, mwaka ule wa 2023, alifaulu kama mmoja katika kila wanne. Watu wanapenda kulaumu walimu wa Hisabati kwa hilo. Mimi nimehamisha kipindi kikaenda baada ya mapumziko, na ningewaomba wenzangu wa shule za kutwa waangalie ratiba zao.

Wanaopanga vyumba, yaani wanaoishi geto, wana mambo yao. Mzazi analipa kodi ya chumba cha udongo kwa msimu, analeta unga na mboga kavu, mtoto anajipikia. Kwa mtoto wa kiume mara nyingi inasaidia, daftari langu linaonyesha hivyo. Kwa wasichana matokeo ni mchanganyiko, na sababu kila mama anayesoma hapa anaijua. Chumba hakina mtu mzima. Unga ukiisha siku ya Jumatano na nyumbani ni mbali, kuna wanaume wanaojua kwamba unga umeisha. Tangu Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021 binti aliyejifungua anaweza kurudi shuleni, na nashukuru kwa moyo wote, nimewapokea na nimewafundisha. Lakini anarudi akiwa amemwacha mtoto mgongoni kwa bibi, na bado anatakiwa atembee ule ule umbali uliomfanya apange.

Kuhusu nani anaishi na nani, fomu zetu zinauliza jina la baba, kazi ya baba, simu ya baba. Huku kwetu mwenye kauli juu ya mtoto mara nyingi ni mjomba, na anayemlea siku kwa siku ni bibi mzaa mama. Baba yupo Dar es Salaam au ana mji mwingine. Unapiga namba iliyo kwenye fomu, anapokea jirani. Tumekuwa tukiita vikao vya wazazi, wanakuja wachache, tunaandika "mwamko mdogo." Mwaka huu mwalimu wa malezi alizunguka akaandika upya namba ya mtu anayesikilizwa kwenye kila nyumba. Kikao kilichofuata ukumbi ulijaa wajomba. Wazee wale walikaa mpaka adhuhuri wakiuliza pointi zinahesabiwaje, na mmoja alinishukuru akisema hajawahi kuitwa shuleni tangu mpwa wake aanze. Tangu siku ile nimelifuta hilo neno "mwamko" kwenye taarifa zangu.

Halafu kuna korosho, na hapa nitakaa kidogo.

Korosho zinaanza kudondoka kama Septemba, na Oktoba na Novemba ndiyo msimu wenyewe. Mtihani wa kidato cha nne unaanza Novemba. Kalenda ya mtihani na kalenda ya zao linalolisha mkoa mzima zimegongana, na zitagongana kila mwaka. Korosho ikidondoka lazima iokotwe. Ikikaa chini na mvua za kwanza zikaikuta, inaharibika, daraja linashuka na bei ghalani inashuka nayo. Kwa hiyo nyumba nzima inaamkia shambani: bibi, mama, watoto. Wanaokota mabibo, wananyofoa korosho, wanaanika. Maji ya bibo yakigusa shati jeupe, doa halitoki kwa sabuni ya aina yoyote. Ninaposimama mbele ya darasa mwezi wa kumi naweza kukuambia nani amepitia shambani kabla ya kuja kwangu, kwa kuangalia mikono ya mashati tu. Wenye madoa wanasinzia kipindi cha nne.

Na sitaki mtu aje kuniambia wazazi wanawatumikisha watoto. Pesa ya korosho ndiyo inayonunua sare ya Januari, madaftari, na kodi ya geto. Bibi anayemwita mjukuu wake shambani Oktoba anamtafutia viatu vya shule. Mkoa unaopata pesa yake mara moja kwa mwaka hauwezi kupangiwa mambo kama mji wenye mshahara wa kila mwezi. Tulichofanya ni kuweka kambi ya kidato cha nne kuanzia Septemba. Watoto wanalala madarasani, wasichana upande wao na matroni wao, wazazi wanaleta mahindi na maharage, walimu tunapokezana jioni. Nilipolinganisha alama za mtihani wa mkoa, unaofanyika kabla ya kambi, na za mtihani wa taifa, waliokaa kambini mwanzo hadi mwisho walipanda, na waliopanda zaidi ni wale wa bondeni. Mwalimu ni yule yule, kitabu ni kile kile. Kilichobadilika ni kwamba walilala, walikula, na hawakutembea.

Chakula peke yake kinastahili andiko lake. Elimu bila ada ilianza Januari 2016, kufuatia Waraka Namba 5 wa 2015, na sekondari ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Chakula cha mchana cha mwanafunzi wa kutwa hakimo. Hicho ni makubaliano ya wazazi, na makubaliano ya wazazi yanategemea mwezi. Januari mpaka Machi, pesa ya korosho imekwisha na mahindi mapya bado, sufuria letu la makande linapikiwa nusu ya shule. Nusu nyingine wanakaa chini ya mwembe mpaka kengele ilie. Wanaokula na wasiokula nimewawekea safu yao kwenye jedwali, na ukiifuata kwa kidole unaweza kukisia daraja la mtu bila kuangalia.

Kuna wanaosema watoto wetu hawana akili. Hili linaniuma kama mwalimu wa Biolojia, kwa hiyo nitatoa mfano mmoja. Nilikuwa nafundisha kidato cha pili namna maji yanavyopita kwenye utando wa seli. Nikauliza kwa nini samaki aliyetiwa chumvi haozi. Kijana mmoja, mtoto wa muuza samaki wanaopanda kutoka Mtwara, akasimama akaeleza kwa Kiswahili: chumvi inavuta maji ya samaki nje, ndiyo maana beseni linajaa maji hata kama hukutia maji, na wadudu wanaoozesha nao wananyonywa maji wanakufa. Darasa zima likaelewa. Sijawahi kusikia mwanafunzi akieleza vizuri namna ile, na hilo la wadudu sikuwa nimelifundisha. Mwezi uliofuata swali lile lile lilikuja kwenye mtihani, kwa Kiingereza, na majibu yawe kwa Kiingereza. Kijana aliandika mstari mmoja na nusu, akakata, akaandika tena, akaacha. Nilimpa alama moja kati ya tano, kwa sababu mwongozo wa kusahihisha hauniruhusu kumpa alama za siku ile aliposimama.

Amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Nyumbani anazungumza Kimakonde na bibi yake. Kidato cha kwanza tunampa wiki chache za kozi ya Kiingereza, kisha masomo yote yanageuka. Mtoto aliyetoka shule ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza anakutana na mtihani huo huo, siku hiyo hiyo. Yeye anapimwa Biolojia, huyu wangu anapimwa vitu viwili kwa mpigo, na tovuti inaandika BIO tu.

Narudi kwa ndugu yangu wa kundi la WhatsApp na seminari yake. Siichukii seminari, nina rafiki anafundisha huko na wanafanya kazi kubwa. Lakini seminari inafanya usaili na inachagua. Shule za serikali za vipaji maalumu, Kibaha, Mzumbe, Ilboru, Kilakala, Msalato na mbili za Tabora, zinapokea waliofanya vizuri kuliko wote darasa la saba. Baada ya hapo zinafuata shule za bweni. Baada ya hapo wazazi wenye uwezo wanawachukua wa kwao. Wanaobaki ndio wa kata. Mtihani wa la saba una jumla ya alama 300, na wastani wa C unaanzia alama 121. Mwenye 121 amefaulu na nafasi yake kidato cha kwanza ni haki yake. Anakuja kwangu. Sitamrudisha, wala nisingependa kuwa kwenye shule inayoweza kumrudisha. Ninachoomba ni kwamba atakapomaliza, tuulizwe alikuja na ngapi na ametoka na ngapi. Takwimu zote zipo: kila mtoto ana namba ya PREM, yaani namba ya usajili inayomfuata kutoka shule ya msingi. Anayetaka kuzipanga shule kwa kazi waliyoifanya anaweza kuanza hapo.

Januari 2023 NECTA waliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora. Nilifurahi sana. Wapo waliolalamika kwamba inaua ushindani. Kwa shule kama yangu hakukuwa na ushindani wa kuuawa. Tulikuwa tunasikia majina ya shule zile zile redioni, kisha mkuu wa shule anaitwa wilayani kueleza kwa nini yeye hayumo.

Wenye umri wangu tunakumbuka matokeo ya mtihani wa 2012, yaliyotoka mwanzoni mwa 2013, ambapo kama watahiniwa sita katika kila kumi walipata sifuri. Serikali iliunda tume, alama zikapangwa upya, na shule za kata zikatukanwa nchi nzima. Zilijengwa kwa kasi kuanzia 2006, kwa nguvu za wananchi, tofali kwa tofali, walimu wakiandaliwa harakaharaka mpaka mitaani wakaitwa voda fasta. Mimi ni zao la shule hizo. Bila ile ya kwetu, mtoto wa kike wa mkulima asingefika kidato cha kwanza, sembuse kurudi kufundisha. Kwa hiyo ninapozitetea ninajua ninachotetea.

Na sasa kuna jambo linakuja ambalo nataka wakubwa wa wilaya walione mapema. Elimu bila ada ilipoanza 2016, madarasa ya kwanza yalifurika. Waliandikishwa hata wale waliokuwa wamebaki nyumbani kwa kukosa mchango, wengine wakubwa kuliko umri wa darasa la kwanza. Hesabu miaka: la saba 2022, kidato cha kwanza 2023, na Novemba 2026 wanafanya mtihani wa kidato cha nne. Hapa shuleni tayari unawaona. Mikondo yao imejaa kuliko ya kaka zao, wapo wavulana wenye ndevu, na wengi ni wa kwanza katika nyumba zao kuvuka darasa la saba. Wavulana wakubwa tunawapoteza kwa pikipiki: msimu wa korosho ukiisha, mjomba ananunua bodaboda, na mpwa anakuwa dereva. Ikiwa ufaulu wetu utashuka mwaka huo, tafadhali mtu asiandike kwamba walimu wamelegea. Shule itakuwa imebeba watoto ambao zamani hawakuwepo kwenye hesabu yoyote, wala ya kufaulu wala ya kufeli.

Jedwali langu nimelipeleka kwa mkuu wa shule, bila majina, nikaomba liambatanishwe na taarifa ya tathmini. Amekubali, na amenipa jina la afisa wa wilayani anayependa kusoma vitu vya namna hii. Nimeomba mambo mawili tu. Moja, mabati ya hosteli ya wasichana, ambayo wananchi wameijenga mpaka kwenye linta na imesimama hapo misimu miwili. Pili, kibali cha kukusanya mchango wa chakula wakati wa minada ya korosho, pesa zikiwepo mikononi, badala ya Januari.

Kikao cha wazazi ni mwisho wa Agosti, kabla korosho hazijaanza kudondoka. Mabango tumeshabandika kwenye magenge na kwenye ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na wajomba wote wamepigiwa simu.